Kiambatisho

Dodoso limefika Ngamiani kwa basi la usiku,
kurasa kumi na nne, zimebanwa kwa pini yenye kutu.
Swali la kwanza: Je, sheria ipo?
Ndiyo au Hapana. Weka tiki.

Nikaweka tiki. Ipo.
Ipo ofisi ya kata, kabatini, droo ya chini,
jalada lina duara la kikombe cha chai,
na sheria ndogo imelala mgongoni mwake
kama mtoto ambaye hajafundishwa kutembea.

Je, vifungu vinatekelezwa?
Hapa mafungu tunayoyajua ni ya dagaa na nyanya chungu,
na hayo hutekelezwa kabla ya adhuhuri.

Lori? Lipo. Limepandishwa juu ya matofali tangu Rajabu.
Kuku wa mlinzi wanatagia chini ya usukani.
Faini zilizotozwa mwaka huu?
Nikafungua kitabu cha stakabadhi:
ukurasa wa kwanza bado unanukia gundi.
Rambo? Zilipigwa marufuku, zikaondoka,
zikarudi nyembamba zaidi, zimebadili jina
kama mdeni aliyehama mtaa.

Kati ya taka na takata ni silabi moja tu.
Nimeitafuta kurasa zote kumi na nne.

Swali la tisa lilitaka mwananchi.
Nikamvizia Bi Mwanakheri Semkiwa, Barabara ya Kumi na Mbili,
alfajiri, mkokoteni wake unalia gurudumu la kushoto.
"Bibi, unaifahamu Sera ya Taifa?"
Akaweka chini gunia la chupa.
"Sera? Sera binti nani?
Kama anakaa mtaa huu, basi hatoi taka nje."

Kisha akatoa daftari kiunoni, la shule,
nyuma lina jedwali la kuzidisha.
*Jumatatu. Chupa kilo arobaini na moja. Vyuma tisa.*
*Mfereji wa Barabara ya Nane umeziba. Nimezibua.*
*Sijalipwa.*
*Mfereji umeziba.*
Miaka kumi na mmoja ya mistari kama hiyo,
mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne,
wala hakuna swali aliloliruka.

Nikarudi ofisini, nikaivuta droo, nikasoma sheria yote,
mara ya kwanza, nakiri, tangu niajiriwe.
Waziri yumo. Mkurugenzi yumo. Mkaguzi yumo mara nyingi.
Mkokoteni haumo.
Nani anainama, hakuandikwa.

Bibi amenichania karatasi moja.
Nimeibana na dodoso, Kiambatisho Na. 1,
japo maelekezo yanasema viambatisho havihitajiki.

Mwisho kabisa: Maoni mengine, yasizidi maneno ishirini.
Nimeandika:
Beringi mbili. Glavu. Jina lake kwenye kifungu.

Yamebaki maneno kumi na matatu.
Nje vuli imeanza kupiga mabati,
na mfereji wa Barabara ya Nane
unayajaza.