Rangi ya Balbu

Mama wa bibi harusi alizipanga picha mezani
kama anayepanga karata,
akagonga moja kwa ukucha wenye hina:
"Huyu ni Mwanahawa wangu, au maiti yake?"

Sikuwa na jibu. Ukuta nyuma yake ulikuwa wa asali,
balbu ya ukumbi ilikuwa ya asali,
ila uso, pale flashi yangu ilipoufikia,
ulikuwa wa maziwa yaliyochacha, samawati pembeni.
Nuru mbili zimeozwa bila kuulizana ukoo.

Usiku huo nikamwambia Singano, mpwa wangu:
"Tutaivisha flashi nguo."
Zile za dukani zinaitwa jeli. Mama, kutoka chumbani,
akauliza tangu lini nimeanza kupaka nywele.
Bei sikumwambia. Ni bei ya mbuzi mdogo,
na mbuzi walau anazaa.

Basi tukatafuta.
Karatasi ya peremende, rangi ya chungwa la Muheza:
ilidumu mapigo manne, la tano ikakunjamana,
ikatoa harufu ya sukari iliyoungua,
Singano akacheka mpaka kwikwi.
Jalada la faili, jekundu.
Nailoni ya maua ya harusi ya watu wengine, kijani.
Na kwa fundi mabango wa Barabara ya Nane,
vipande vya plastiki ya machungwa, vinene, visivyoogopa joto,
vimelala kwenye debe.
"Chukua," akasema. "Taka haina risiti."

Rangi tukawa nazo. Kuzishika, hapo ndipo kazi.
Gundi iliacha makovu. Utepe ulibanduka kwa jasho.
Waya wa breki nilioukunja kwa koleo
uliponyoka, ukatumbukia kwenye mchuzi wa mama,
na chakula cha usiku tukakila kimya.

Dawa ilikuwa imeegemea ukuta muda wote,
maana hii ni Tanga, kila ukuta una baiskeli yake.
Tyubu ya nyuma, yenye viraka saba,
nikaikata pete za upana wa vidole viwili.
Pete ikaikumbatia shingo ya flashi
kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni.
Dumu la mafuta ya kula tukalichonga fremu kwa wembe;
Singano akajikata, akanyonya kidole, akaendelea.
Pande tatu tukazishona kwa uzi wa katani,
wa nne tukauacha wazi, rangi iingie na kutoka
kama barua chini ya mlango.

Majaribio: ukuta, balbu moja, uso wa Singano.
Tukainamia kioo kidogo cha kamera, vichwa vikagongana.
Mtoto alikuwa wa rangi yake.
Hicho tu. Rangi yake,
na sijui kwa nini macho yaliniwasha.

Jumamosi, Makorora, ukumbi wa balbu ishirini,
nikapiga tatu nzuri,
umeme ukakatika.
Kina mama mia wakawasha simu, tochi mia, nyeupe pee,
na flashi yangu ya machungwa katikati yao
kama aliyekuja msibani na shela la harusi.
Nikaichomoa rangi, nikaitia mfukoni.
Flashi ikabaki uchi, ikafanana na wote.
Ule mlango wa Singano haukubisha hata kidogo.
Bibi mmoja akataka kujua nimechomoa nini.
"Asali," nikasema.
Umeme ukarudi. Nikairudisha.

Saa nane usiku tukashika njia ya Barabara ya Kumi na Nne,
mimi kwenye pedali, yeye kwenye keria, amelikumbatia begi.
Tyubu mpya ilikula robo ya malipo.
Na nyuma, juu ya tochi ndogo
tuliyoifunga kwa pete iliyobaki,
tulikuwa tumeweka lile jalada jekundu la faili:
lori la katani lililotoka Pongwe kwa kasi
likatuona,
likapunguza,
likatupita mbali.