Ramani ya Chumba 408

Miaka thelathini na mmoja nilitandika vitanda vya wageni
katika hoteli moja ya Montevideo,
na kila aliyeniuliza, bibi, kuzuri wapi,
nilimwonyesha dirisha.
Sikujua. Basi lilinishusha mlango wa nyuma kabla ya jua,
likanizoa pale pale jua likishazama.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Nilipona njaa, kweli. Magoti hayakupona.

Mgeni wa 408 aliacha soksi moja, maganda ya chungwa,
na ramani yenye maduara mekundu.
Soksi niliitupa.
Siku ya kustaafu nilipewa keki na saa ya ukutani
(mimi, niliyeishi kwa saa!)
nikaenda na ramani.

Duara la kwanza: uwanja, na lile jengo la mnara
nililolipa kisogo ujana wangu wote.
Niliinua shingo hadi skafu ikaanguka.
Madirisha mangapi yale?
Na nani huyafuta?

La pili: soko la bandarini, moshi wa mbavu za ng'ombe
unaokushika ukosi kama mdai.
Nikasoma bei. Nikanunua harufu, haina risiti.
Kisha nikaketi ukutani kando ya mto,
mpana, rangi ya chai ya maziwa,
ambao siku tukiwa na furaha tunauita bahari.
Kila mtu na chupa ya maji moto kwapani, na kibuyu mkononi.
Kinywaji chetu kinaitwa mate,
na mrija mmoja hupita vinywa sita.
Cheka, msomaji, una haki,
lakini ukipewa usifute ncha. Hayo ni matusi.

Jirani yangu Zulma alinisindikiza pwani
kwa ajili ya magoti yangu, na kwa ajili ya umbea.
Piriápolis, viti vya waya vilitupandisha kilimani,
miguu ikining'inia juu ya paa za watu;
Zulma alifumba macho akamwomba Mtakatifu Antoni,
mwenye kilima, amrudishie ardhi.
Punta del Este, vidole vitano vya saruji
vimechomoza mchangani, vijana wamepanga foleni ya picha.
"Aliyezama," Zulma akauliza, "alikuwa akidaiwa na nani?"
Mimi nilitazama ng'ambo ya barabara:
hoteli, ghorofa ya sita,
mwanamke anakung'uta shuka.
Nikampungia.
Hakuniona. Mikono yake ilikuwa imejaa.

Duara la mwisho lilikuwa mbali, karibu na Valizas.
Lori lilitutikisa juu ya vilima vya mchanga hadi Polonio:
mnara wa taa, nyumba zisizo na nguzo ya umeme,
na simba-bahari wamelala mwambani hadi adhuhuri
kama wageni waliotundika kibao: msinisumbue.
Kesho yake tukafuata ufuko kwa miguu.
Tulipofika, hapakuwa na kitu.
Ua lililoinama. Mbwa. Upepo
na mvulana Eliseo, akiuza maandazi ya mafuta.

Akaigeuza ramani, akalowesha kidole, akasugua.
"Bibi, hii si kalamu. Ni kitako cha glasi ya divai.
Na hili pia. Na hili."
Zulma alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilihesabu: mlevi mmoja, meza moja,
glasi ikihamahama usiku kucha
juu ya nchi yangu.

Tukala maandazi sita. Mchanga ukala mawili.
Niliazima kalamu ya Eliseo, ile ya kuandikia madeni,
nikachora duara langu, limepinda,
pale pale tulipokuwa tumekaa.
Ndipo Zulma akauliza basi la kurudi ni saa ngapi.
Lilikwisha ondoka.