Jino la Shingoni

Ndani ya shingo, daktari Kleoniki ananiambia,
kuna mfupa uitwao jino,
na la Evanthia limekatika penye gegedu,
pale ambapo mtoto wa miaka sita
hajaungana bado.

Kigari cha theluji nilikisukuma mimi.

Kule Metsovo walimlaza ubaoni,
wakamtia blanketi chini ya mabega,
maana kichwa cha mtoto ni kizito kuliko umri wake
na mto ungemwinamisha.
Mto! Nilikuwa nimeshaukunja mkononi.

Sasa ana pete ya chuma kichwani,
skurubu nane, zimekazwa kwa huruma,
fuvu lingali jembamba;
nguzo nne zashuka hadi kizibao
chenye manyoya ya kondoo ndani.
Akiitwa, hageuki shingo. Anageuka mzima,
kama mlango.

Wiki ya tano jino la mbele likang'okea
kwenye kipande cha mkate.
Akataka kulirusha juu ya paa, kama desturi,
lakini hawezi kutazama juu.

Nikamwuliza, nilirushe mimi?
Akanyamaza, ulimi ukipapasa pengo.

"Rusha, baba," akasema.
"Ila taratibu."