Kiinua Mgongo

Prosser alimtoa bandani saa nne asubuhi,
mvua ya Wales ikinyesha kama haina kazi nyingine,
akanikabidhi kamba, faili la chanjo na kipande cha blanketi
kinachonuka maziwa yaliyochacha.
"Amestaafu," akasema. "Mikupuo sita, watoto thelathini na tisa.
Hadaiwi na mtu."

Nilicheka, maana nami nilistaafu Ijumaa ile,
miaka thelathini na mmoja jikoni mwa shule,
viazi, mbaazi, viazi.
Mimi walinipa saa ya ukutani na bahasha.
Yeye, kiinua mgongo chake kilikuwa mgongo wenyewe,
umebonyea katikati kama kitanda cha kamba,
na chini yake chuchu, safu mbili, zinaning'inia
kama vifungo vya koti lililovaliwa na ukoo mzima.

Karatasini ana jina refu, la kifalme,
lina Malkia ndani yake, na bonde, na nambari ya Kirumi.
Bandani aliitwa Huyu.
Mlete Huyu. Huyu yuko tayari. Huyu bado ana maziwa.
Nikamwita Nansi.
Hakugeuka.
Siku kumi na moja hakugeuka.

Spanieli wa miaka saba, hajui ngazi.
Hajui kwamba dirisha lina kioo.
Alisimama ukingoni mwa zulia
kama mtu aliyefika mtoni asiyejua kina.
Mashine ya kufulia ilipoanza kuzunguka
alikojoa palepale, akaniinamishia kichwa, akangoja.
Sikujua anangoja nini.
Nilipojua, nilikwenda kukaa nje kidogo.

(Prosser si mkatili. Alimlisha, alimleta daktari,
alikesha naye usiku wa kitoto kilichokwama.
Simlaumu.
Siku nyingine namlaumu.)

Sebule nzima ilikuwa yake,
yeye akapima hatua nne, akageuka,
hatua nne, akageuka,
akitembea na ukuta wake kila aendako.

Dada yangu Mair alikuja na keki na maoni.
"Samaki mkunje angali mbichi," alisema,
"huyo wako ameshakauka, Eluned."
Nikamwambia, sina haja ya kumkunja.
Amekunjwa vya kutosha.

Wiki ya tatu soksi zikaanza kupotea.
Moja moja, kimyakimya, kama deni linavyokua.
Nilizikuta nyuma ya kochi, saba,
zimepangwa kwenye kile kiblanketi chake,
naye amejikunja kuzizunguka, anaziramba,
anaisukuma kwa pua ile iliyoteleza mbali na tumbo.
Ilikuwamo ya Idwal,
ya sufu ya kijani, iliyobaki bila mwenzake,
ambayo miaka minne nimeificha chini ya droo
hata mimi nisiione.

Alinitazama. Hakunguruma.
Alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama
mtu wa benki mlangoni.
Walikuja wangapi, kila baada ya wiki nane,
mikono yao safi, magari yao yakinguruma uani?

Sikuchukua hata moja.
Nilikwenda mjini kununua maziwa
miguu mitupu ndani ya viatu, mvua ileile,
na mwenye duka akaniuliza kama niko salama.
Nikasema niko salama, nina watoto nyumbani.
Sijui kwa nini nilisema vile.

Leo ni Aprili. Jua limeingia jikoni
likakaa sakafuni, pembe moja tu, karibu na jiko.
Amelala humo chali, miguu hewani, tumbo wazi,
lile tumbo, na kovu jipya la daktari
lililofunga duka moja kwa moja.
Nimesema "Nansi" taratibu, nikipaka siagi,
sikuwa namwita, nilikuwa nazungumza tu.

Akageuka.
Akasimama, akanyoosha miguu ya mbele mpaka makucha yakatengana,
akainua mgongo,
juu, juu kabisa, kama paka, kama daraja,
sikujua unaweza kufika pale.

Kisha akaja akaiba mkate wangu.