Kumi na Tisa

Mihayo aliiandika programu hii kwa siku nne
katika chumba cha nyuma, ghala la asali, Isevya,
akapanda treni ya Mpanda.
Uliobaki ni msimbo, na kikombe chake kisicho na mkono.

Kazi yake ndogo: jina, kijiji, kilo.
Inasoma, inajumlisha, inaandika.
Miaka sita hatukuisikia.

Mwezi wa saba asali ya Sikonge ikaja kwa malori mawili.
Orodha ikarefuka, kompyuta ile ile kongwe.
Programu ikakatika katikati ya jina,
tukachapisha hivyo hivyo:
*Limi Ka*
mpaka Limi Kapela alipokuja mwenyewe
kuuliza kilo zake mia na kumi na mbili
zimelala wapi.

Usiku huu nimefungua faili,
nasaka kila mahali inapoomba kumbukumbu.
Kumi na tisa.
Saba zinauliza: umenipa?
Zikinyimwa, nne zinapiga kelele, kila moja na maneno yake,
mbili zinatoka na sifuri, eti shwari,
na ya saba Mihayo ameiandikia: *nitarekebisha kesho.*
Kumi na mbili hazitazami hata kiganja.
Hupokea tupu, huandika juu ya tupu.

Ile ya mstari wa mia mbili na nne ndiyo iliyommeza Limi:
inaomba chumba kikubwa zaidi
na kwa mkono ule ule inatupa ufunguo wa kile kidogo.
Ikiambiwa hakuna, inalala nje
na vyombo vyake viko ndani.

Naandika kazi moja, mistari sita. Naiita *omba*.
Mwenye haja apite kwake.
Kikipatikana, anakabidhi.
Kikikosekana, anasema kwenye mlango wa makosa, si ule wa hesabu,
kilichoombwa ni kiasi gani,
kisha anatoka na moja.
Maneno yake yamewekwa tayari tangu mwanzo:
mleta habari ya njaa
asianze kwa kuomba chakula.

Msimbo umepungua mistari arobaini.
Naiwekea ukomo mdogo kwa makusudi, naiendesha:

*ghala: kumbukumbu haitoshi (baiti 65536), mstari 3118*

Sijawahi kufurahia kunyimwa namna hii.

Saa tisa usiku. Treni ya Kigoma inapiga honi stesheni.
Kesho Limi atapewa karatasi, jina lake hadi herufi ya mwisho.
Atauliza na nauli ya Sikonge, kuja na kurudi, mara mbili.
Hiyo sijui niiombe wapi.