Soravena Iko Wapi

Wamekuja tena, na mia mbili mbili zao,
wateja wangu wa Mabatini,
kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye runinga.
Hawachezi. Wanalipia dakika ishirini
wasimame juu ya paa la mji usiokuwepo
wabishane uko wapi.

Masunga ndiye mwenye neno la kwanza, kama kawaida.
"Soravena ni hapa. Tazameni mawe!
Nani mwingine duniani kapandisha jiwe juu ya jiwe
akaliacha hivyo hivyo, miaka yote, halidondoki?"
Na kweli, kwenye bandari ile kuna jiwe limesimama majini
limebeba jingine kichwani
kama mama aliyesahau kutua ndoo.

Rwegasira anachekea puani.
"Mawe yapo hata Dodoma. Wewe umeona tramu Kirumba?"
Yeye anasema ni Ureno. Binamu yake kafika Ureno,
au karibu na Ureno, meli haikutia nanga.

Hapo Bhoke, anayeficha sare ya shule ndani ya sweta,
ananyakua pedi,
anamsimamisha mtu wetu katikati ya uwanja
na kungoja saa ya mchezo ifike sita mchana.
Kimya. Hata feni inasikika.
"Kivuli chake kiko wapi?"
Kimeingia chini ya kiatu.
"Basi. Ureno jua halisimami utosini.
Mji huu umekaa kiunoni mwa dunia, kama sisi."
Banda zima likapiga meza, na meza ni yangu.

Mwenye Ureno akawa mpole wiki nzima,
mpaka theluji ilipoanguka hatua ya tisa.
Theluji! Masunga hakupepesa jicho:
"Hiyo ni pamba. Lori limepita kutoka Bariadi
turubai halijafungwa."
Tulicheka hadi umeme ukakatika
na likazaliwa deni la dakika saba
ambalo mpaka leo hakuna anayekiri ni la nani.

Mimi sikuulizwa.
Mwenye banda huulizwa chenji.

Lakini usiku, nikishateremsha shata,
hujipa dakika kumi za bure
nikatembea Soravena peke yangu.
Sikimbii. Simpigi mtu.
Nashuka ngazi hadi ziwani, kama ni ziwa,
natafuta majaba ya maji nje ya nyumba: hakuna.
Hakuna anayefua juu ya mwamba,
hakuna dagaa walioanikwa,
wala korongo vipara wa jalalani, wale wenye makoti,
na mji gani wa samaki ungeishi bila wao?
Nagonga milango. Imechorwa tu, haina komeo.

Ila kuna nyumba moja, juu kabisa ya kilima.
Haihusiki na kazi yoyote ya mchezo,
huokoti pointi pale, huokoti risasi,
na barazani pake mtu kachora ndala mbili,
moja imelala kifudifudi, soli juu.

Nimekaa nazo sana.
Ndala kama zile hazitoki kichwani mtupu.
Aliyezichora alikuwa ofisini, kwenye baridi pengine,
akakumbuka mlangoni kwa mtu
na hakumwambia bosi.

Kwetu ndala hailazwi vile.
Hata mgeni akipita huinama akaigeuza,
asije mwenyewe akafikwa na jambo.
Nimebonyeza mraba, pembetatu, duara,
nimebonyeza hata kile kitufe kilichokufa.
Haigeuki.

Vijana sijawaambia.
Kesho Bhoke analeta ushahidi wa mwezi:
anasema mwezi mchanga wa kule nao hulala chali, kama wa kwetu.
Sawa, alete.
Na Rwegasira aje na mia nne yangu.