Tindo ya Tatu

Nje, Rustavi imelala chini ya theluji rangi ya majivu,
na mabomba ya joto ya jengo letu yamekufa tangu Jumatatu.
Bolti nne zimeshikana kwa kutu
kama ndugu waliogombea urithi
na sasa hawaachiani.

Vazha muuza vyuma ananipangia tindo tatu juu ya gazeti,
pembeni mwa kikombe chake cha chai.
"Chagua, Mzevinar. Zote ni feleji."
Zote ni feleji! Hata kijiko chako, Vazha,
kingeapa hivyo kikipakwa rangi.

Ya kwanza ni nyekundu, ina kishikio cha mpira.
Kipya kinyemi.
Naijua. Mwaka jana nilinunua pacha wake:
pigo la nane, ncha ikameguka,
ikapita kando ya shavu langu, ikazama mlangoni.
Kipande kile kimo mlangoni hadi leo.
Sikukitoa. Nikifunga karakana jioni
nakipapasa kwa kidole
kama mtu anayesoma risiti.

Ya pili ni pana, nzito, ya pembe sita,
jina la kiwanda limechongwa kwa herufi nzuri mno.
Natoa tupa mfukoni. Vazha anakunja uso:
"Hiyo tupa yako itanifilisi."
Naipitisha kwenye ncha, polepole.
Ncha njema huikataa tupa,
huiacha iteleze kama ukucha juu ya kioo.
Hii imekubali. Imeng'atwa, imetoa unga.
Nageuza, najaribu kichwa:
tupa inateleza.
Mambo yamepinduliwa, makali laini, utosi mgumu.
Aliyeitia moto siku hiyo
alikuwa anawaza chakula cha mchana.

Maana kichwa cha tindo sharti kiwe laini kidogo,
kipokee nyundo bila kuirudishia matusi.
Otia, aliyenifunza kwenye karakana ya mabehewa,
hakuanza kwa maelezo.
Alivua miwani, akanionyesha jicho la kushoto,
jeupe, tulivu, kama yai lililochemshwa.
Kichwa kikitanuka kama uyoga, alisema,
kisage kwanza, ndipo ule.
Siku ile yeye alikula kwanza.

Ya tatu haina rangi.
Nyeusi, ina mafuta ya zamani,
Vazha ameitoa chini ya sanduku la misumari
kwa mkono wa mtu asiyetaka kuitoa.
Naining'iniza kwa uzi wa kiatu, naigonga:
sauti ndefu, safi,
hata paka wa dukani anainua sikio moja.
Tupa kwenye ncha, inateleza.
Tupa kwenye kichwa, inauma, kwa adabu.
Upana wake ni kidole gumba changu.

Bei yake, mara tatu ya ile nyekundu.
Tunabishana mpaka chai inapoa.
Namkumbusha jiko nililomchomelea bila malipo.
Ananikumbusha kwamba nililipwa jibini.
Kweli, nililipwa.
Ilikuwa jibini nzuri.

Majirani wameshuka na makoti yao hadi chumba cha mabomba,
wamesimama ngazini, pumzi zao zinafuka.
"Rudini nyuma," nasema. Hawarudi.
Navaa miwani.
Naweka ncha mzizini mwa bolti, naiinamisha kidogo,
macho kwenye makali, si kwenye kichwa;
nyundo inajua njia yake.
Moja. Mbili. Kutu inamwagika kama kahawa iliyosagwa.
Pigo la nane nasimama.
Mkono umehesabu wenyewe, bila kuniuliza.
Naangaza tochi kwenye ncha.
Iko.

La tisa.
La kumi.
Bolti inakatika kwa sauti ndogo,
kama mtu anayekiri kosa chumba kikiwa kimejaa watu.

"Joto limerudi?" anauliza Bi Darejan wa ghorofa ya nne,
mikono yake imo ndani ya soksi za mumewe.

Bado, mama.
Zimebaki tatu.